S MOJA TU!

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, angalieni vizuri chupa zenu. Kwa Kifaransa «poison» ni sumu, lakini «poisson» ni samaki: S moja tu! Baba mmoja wa kambini alitia dawa ya wadudu katika chupa ya bia, akaandika juu yake POISSON. Majirani walicheka sana. Mtoto wake wa darasa la tatu hakucheka: alitaka kumwona huyo samaki, akaanza kufungua kizibo. Mama alimnyang'anya upesi.

Usitie dawa katika chupa ya kinywaji. Tena chora kichwa cha mfu na mifupa miwili. Hata asiyejua kusoma ataelewa. Baba yule amekwisha kuchora. Ile S bado ipo.