Mshono Usio na Uzi

Chukua mfuko mbadala, ule anaopewa mteja dukani Lionja, wilayani Nachingwea, akitaka kubebea sukari na sabuni zake. Uinue juani, uutazame ubavuni. Mshono upo, uzi haupo. Badala yake kuna mistari ya vidoa vidogo kama punje za ulezi, vinavyong'aa kidogo kuliko kitambaa kinachovizunguka. Hapo haikupita sindano wala gundi. Vidoa hivyo vimepigwa na sauti.

Mifuko hii ilienea baada ya tarehe 1 Juni 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile iliyozoeleka mitaani kwa jina la rambo. Kitambaa chake hakifumwi. Ni nyuzi za polipropilini zilizotandazwa na kugandamizwa kwa joto, na kiwango kinachotakiwa nchini ni uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Polipropilini nayo ni jamii ya plastiki, kwa hiyo huyeyuka ikifikia joto la nyuzi 160 hivi. Tabia hiyo ndiyo inayowezesha kuunga pande mbili za mfuko bila uzi.

Sauti inayofanya kazi hiyo ni altrasaundi, neno lisilo geni Nachingwea wala wilaya jirani ya Ruangwa; mama wajawazito wanalijua. Lakini altrasaundi ya hospitali hupiga mamilioni ya mitikisiko kwa sekunde, kwa upole, ili daktari aone. Ya kiwandani hupiga kama 20,000 tu, juu kidogo ya ukomo wa sikio la binadamu, na nguvu yake ni ya kufanya kazi: kuunga plastiki, kukata, kusafisha vyuma, kutawanya unga ndani ya maji.

Umeme wa Tanesco huingia kwenye jenereta ya mashine inayounga mifuko hiyo ukiwa na masafa ya hezi 50, hutoka ukiwa na hezi 20,000, yaani mara 400. Kutoka hapo unakwenda kwenye kigeuzi, ambacho ndani yake mna visahani vya kauri vilivyobanwa kwa bolti kati ya vipande viwili vya chuma. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: zikipewa umeme, hutanuka na kusinyaa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Paul Langevin alibana vipande vya fuwele za kwatzi kati ya mabamba mawili ya chuma ili kutafuta nyambizi baharini, na vigeuzi vya leo bado vinafuata umbo hilohilo.

Mwisho wa mnyororo huo kuna pembe, kipande cha titani, alumini au chuma cha pua kinachogusa kazi yenyewe. Pembe rahisi ya titani ya hezi 20,000 ina urefu wa sentimita 12 au 13, nusu ya wimbi la sauti ndani ya madini hayo. Kitambaa hupita kati yake na fuawe, rola la chuma lenye vichunusi, na hivyo vichunusi ndivyo vinavyoacha vidoa. Ncha ya pembe husogea kidogo mno, tuseme maikromita 25 kila upande, chini ya unene wa unywele. Lakini kwa kuwa inakwenda na kurudi mara 20,000 kwa sekunde, mchapuko wake hufika kama mara 40,000 ya ule wa kitu kinachoanguka chini. Ndiyo maana chuma kisichochongwa vizuri hupasuka.

Ugumu sasa ni kuifuata sauti ya pembe, nao unafanana na wa ngoma. Katika vijiji vya kusini, kabla ngoma haijaanza, huwashwa moto kando ya uwanja. Ngozi iliyolegezwa na umande hukanzwa, mpigaji akiigonga kwa vidole huku akisikiliza, mpaka sauti ipande na itulie. Usiku ukiendelea, ngoma hurudishwa motoni. Kila ngoma ina sauti yake, na sauti hiyo haikai mahali pamoja.

Pembe ya titani nayo ina sauti yake ya asili, ila kwake joto linaishusha. Chuma kikipata moto hurefuka kidogo na kupungua ukakamavu. Pembe iliyoanza na hezi 20,000 ikiongezeka joto kwa makumi ya nyuzi huweza kushuka kwa hezi mia moja au zaidi. Kwa redio, hilo si kitu. Kwa pembe ni jambo kubwa, maana ikiwa haijagusa kitu huitikia vizuri ndani ya uwazi mwembamba, pengine wa makumi machache ya hezi. Nje ya hapo ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea wakati yeye anarudi: unatumia nguvu, mikono inauma, na bembea haipandi. Nguvu iliyopotea hugeuka joto ndani ya visahani vya kauri, joto hilo huzidi kuishusha sauti, na vidoa kwenye mfuko hutoka hafifu.

Jenereta za zamani ziliachia kazi hii macho na mkono wa fundi. Alitazama mshale wa mita, akazungusha kitufe taratibu. Za sasa hufanya hivyo zenyewe, kwa mbinu ambayo Mfaransa Henri de Bellescize aliieleza mwaka 1932 kwa ajili ya redio. Saketi hulinganisha mawimbi mawili yanayokwenda kwenye kigeuzi: volteji na mkondo. Yakipanda na kushuka pamoja, mashine iko kwenye sauti ya pembe. Mkondo ukichelewa nyuma ya volteji, masafa yamezidi, yashushwe; ukitangulia, yapandishwe. Marekebisho hayo hufanyika mfululizo, kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi kuifikia.

Yapo ambayo saketi haiyawezi. Bolti ya pembe ikilegea, au ufa ukianza, pembe iliyokuwa kimya kwa sikio huanza kulia kwa mlio mkali, na jenereta iliyoshindwa kuifuata hujizima. Kuiwasha tena na tena ni kuviua visahani. Fundi makini huifungua, huzifuta nyuso zinazogusana, kisha hukaza bolti kwa kipimo.

Mnunuzi naye anaweza kuusoma mshono. Avute pande mbili za mfuko. Kitambaa kikichanika pembeni ya vidoa, muungano ni mzima. Vidoa vikiachana taratibu kama ganda la ndizi, nguvu ilipungua au mgandamizo haukutosha. Vikiwa vimetoboka, nguvu ilizidi.

Upande wa Ruangwa kuna Chilalo, ambako ardhi ina madini ya kinywe. Kinywe huhusika hapa moja kwa moja. Mwaka 2008 watafiti wa Trinity College, Dublin, wakiongozwa na Jonathan Coleman, walionyesha kuwa mawimbi ya altrasaundi yakipitishwa kwenye kimiminika chenye unga wa kinywe huweza kuubambua hadi matabaka ya grafini, yenye unene wa atomu moja. Kazi ya namna hiyo inaweza kuchukua saa nyingi. Kimiminika hupata joto, mapovu madogo huzaliwa na kupasuka kwenye ncha ya pembe, na sauti ya pembe huhama kila dakika. Mawimbi yakiwa makali mno huvunja magamba ya kinywe yawe madogo, wakati sokoni magamba makubwa ndiyo yenye bei. Yakiwa hafifu, matabaka hayaachani. Anayesimamia kazi hiyo huweka maji ya kupoza kuzunguka beseni lenye kimiminika, kisha hutazama namba kwenye kioo cha jenereta: 19,960, 19,940, 19,925, ikishuka kadiri pembe inavyopata moto.