Luxor: Jiji la Nile ambalo jua humpangia mgeni ratiba

MSAFIRI wa Afrika Mashariki anayekwenda Luxor, kusini mwa Misri, huweza kudhani kwamba hana la kujifunza kuhusu jua. Amelizoea tangu utotoni, na pengine anatoka Dar es Salaam au Mombasa, ambako fukuto la Februari humlazimu mtu kubadili shati mara mbili kwa siku.

Dhana hiyo ni vema ikaachwa nyumbani. Hewa ya Luxor ni kavu mno, kiasi kwamba jasho hukauka kabla halijaonekana. Mtu hupoteza maji mengi mwilini huku shati lake likiwa kavu, na huja kutambua pale kichwa kinapoanza kuuma na miguu kulegea.

Luxor iko kilomita zipatazo 650 kusini mwa Cairo, kwenye kingo za Mto Nile, na ni miongoni mwa miji yenye jua jingi na mvua haba kuliko yote duniani. Kuanzia Juni hadi Agosti, joto la mchana hufikia nyuzi 40 za Selsiasi na hata kuzidi. Desemba na Januari mchana huwa na nyuzi 23 hivi, lakini usiku hushuka chini ya nyuzi 10, hivyo sweta ni la lazima.

Kwa sababu hiyo wageni wengi hupendelea miezi ya Novemba hadi Februari, wakati ambao bei za hoteli hupanda. Anayekwenda Julai hupata nafuu ya bei, lakini sharti awe tayari kuamka alfajiri kila siku.

Kinachowavuta watu huko ni mabaki ya Thebes, mji mkuu wa kale wa mafarao, ambayo Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979.

Kabla ya kuondoka

Jambo la kwanza ni nyaraka. Masharti ya viza hutofautiana kwa kila nchi, hivyo ni busara kuuliza ubalozi wa Misri mapema. Aidha, Misri hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayechanjwa siku moja kabla ya safari huenda akazuiwa mpakani.

Jambo la pili ni fedha. Tangu mwaka 2023 vituo vingi vya mambo ya kale nchini humo vimekuwa vikiuza tiketi kwa kadi ya benki badala ya fedha taslimu. Asiye na kadi inayokubalika nje ya nchi anaweza kufika langoni na kushindwa kuingia. Pauni za Misri zihifadhiwe kwa ajili ya kivuko, teksi na chakula.

Jambo la tatu ni saa. Wamisri huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, hivyo ukiambiwa gari litakuja saa sita asubuhi kwa hesabu yao, kwako ni saa 12 alfajiri. Vilevile, majira ya baridi Misri huwa nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Tangu mwaka 2023 nchi hiyo imerejesha utaratibu wa kusogeza saa mbele majira ya joto, na katika miezi hiyo muda huwa sawa na wetu.

Kutoka Cairo, ndege huchukua takriban saa moja, wakati treni ya usiku huchukua saa 10 hivi.

Kingo mbili, nusu mbili za siku

Wamisri wa kale walijenga mahekalu yao makubwa ukingo wa mashariki, linakochomoza jua, na kuwazika wafalme wao upande wa magharibi, linakotua. Kwa mgeni wa leo, njia nyepesi ya kuipanga siku ni kugeuza mpango huo: asubuhi magharibi, jioni mashariki.

Bonde la Wafalme, lililoko magharibi, hufunguliwa saa 12 alfajiri. Ni korongo la mawe lisilo na mti wala kivuli, ambalo kuta zake hukusanya joto kama tanuri. Anayefika lango linapofunguliwa huwa na saa tatu au nne za kutembea kwa raha.

Bonde hilo lina makaburi zaidi ya 60, lakini tiketi ya kawaida humruhusu mgeni kuingia matatu tu kati ya yale yaliyofunguliwa siku hiyo. Kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter Novemba 1922, hutakiwa tiketi ya ziada. Ni dogo, na hazina zake zilikwishahamishwa, lakini maiti ya mfalme huyo kijana bado imo humo. Anayetafuta michoro na rangi atapata zaidi katika makaburi ya mafarao wengine.

Yafaa ieleweke kwamba ndani ya makaburi si mahali pa kupoza mwili. Hewa ni nzito, watu ni wengi na ngazi ni kali. Mwenye maradhi ya moyo au pumu achague makaburi mafupi.

Jirani na bonde hilo, Deir el-Bahari, lipo hekalu la Malkia Hatshepsut, lililojengwa chini ya jabali refu. Ukutani mwake imechongwa safari ya majahazi aliyoyatuma nchi ya Punt, ambayo wanahistoria wengi huiweka upande wa Pembe ya Afrika. Huonekana nyumba zilizosimama juu ya nguzo na miti ya manemane ikipakiwa mizizi ikiwa ingali kwenye udongo. Kwa msafiri wa upande wetu, ukuta huo unastahili nusu saa ya ziada.

Ifikapo saa tano asubuhi ni vema kuvuka na kurudi hotelini, kula na kupumzika hadi saa 10 alasiri. Hapo ndipo zamu ya mashariki huanza.

Hekalu la Karnak, lenye ukumbi wa nguzo 134, latosha kwa alasiri nzima. Kutoka hapo hadi Hekalu la Luxor, katikati ya mji, ipo barabara ya kale yenye sanamu pande zote, yenye urefu wa kilomita 2.7, iliyofunguliwa upya Novemba 2021. Hekalu la Luxor hupokea wageni hadi usiku, chini ya taa.

Mtoni na angani

Kivuko cha umma huvuka kutoka karibu na Hekalu la Luxor kwa nauli ndogo, na ndicho wanachotumia wenyeji. Feluka, mashua za tanga, hukodiwa kwa saa. Upepo wa Luxor kwa kawaida hutoka kaskazini ilhali maji huelekea kaskazini, hivyo mashua hupanda mto kwa tanga na kushuka kwa mkondo. Patana bei, muda na mahali pa kuteremkia kabla ya kupanda.

Kuoga mtoni hakushauriwi, kwa kuwa vimelea vya kichocho bado hupatikana katika maji ya Nile.

Wapo pia wanaopanda maputo ya hewa moto alfajiri kutazama bonde kutoka juu. Msafiri aamue akijua kwamba Februari 26, 2013, puto moja liliwaka moto na kuanguka, na watu 19 wakafariki dunia. Safari zilisimamishwa, kisha zikarejeshwa. Rubani akiahirisha safari kwa sababu ya upepo, asishinikizwe.

Bakshishi na lugha

Neno bakshishi linajulikana Luxor kama linavyojulikana kwetu, na mgeni atalisikia mara nyingi. Mlinzi anayeonyesha mchoro uliojificha au kupiga picha hutarajia kitu kidogo. Asiyehitaji huduma aseme tu "la, shukran" na kuendelea na safari yake, na mzungumzaji wa Kiswahili hatahitaji kufundishwa maneno hayo.

Mwili unapotoa ishara

Maji yanywewe kidogo kidogo, mfululizo, bila kungoja kiu. Kofia pana na nguo za mikono mirefu, nyepesi, hufaa kuliko fulana. Pakiti chache za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini zisikose mkobani, na anayetumia dawa za shinikizo la damu amuulize daktari wake kabla ya kusafiri.

Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu ni ishara za kuacha matembezi mara moja, kukaa kivulini, kunywa maji na kulowesha mwili. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kuzirai, ngozi yake ikiwa moto, hiyo ni hali inayoweza kuua: apozwe kwa maji papo hapo huku akitafutiwa hospitali. Wazee na watoto hufikia hali hiyo upesi zaidi, na mara nyingi hawasemi.

Mahekalu ya Luxor yamesimama kwa zaidi ya miaka 3,000. Mgeni akiona mwili umechoka, aahirishe ziara hadi kesho yake alfajiri. Atayakuta.