Dawa mpya si lazima iwe bora: Somo kuhusu sepsisi ya watoto wachanga

Mwezi uliopita nilikuwa natembelea akina mama waliojifungua katika bloku yetu. Bibi mmoja aliyempakata mjukuu wa siku sita aliniuliza: "Mwanangu, nasikia huko Ulaya wana dawa ya kisasa ya damu ya watoto. Mbona sisi tunapewa sindano zilezile za zamani?"

Ndugu wasomaji, swali hilo linastahili jibu.

Sepsisi ni nini?
Vijidudu vikienea mwilini, mwili hupigana navyo. Mara nyingine vita hivyo hupita kiasi, vikaumiza mwili wenyewe. Damu huganda katika mishipa midogo, na figo, mapafu na ubongo hukosa damu. Mtoto mchanga anaweza kufa kwa muda wa saa chache tu.

Dawa iliyopimwa
Kampuni ya Eli Lilly ilitengeneza dawa iitwayo Xigris. Ilikuwa na kazi mbili: kutuliza vita hivyo na kuzuia damu isigande. Mwaka 2001 Marekani iliikubali kwa watu wazima walio mahututi. Katika utafiti wa wagonjwa 1,690, kati ya kila 100 waliopewa dawa walikufa kama 25, na kati ya wasiopewa kama 31.

Je, watoto nao wapewe? Kwanza ilibidi kupima. Watoto 477 wa nchi mbalimbali waliingia katika utafiti, wengine wakapewa Xigris, wengine maji yasiyo na dawa. Mwaka 2005 utafiti ulisimamishwa. Dawa haikuwasaidia watoto, na waliopewa walivuja damu kichwani zaidi, hasa wenye umri chini ya siku 60. Mwaka 2011, baada ya utafiti mwingine kuonyesha kwamba hata kwa watu wazima haipunguzi vifo, iliondolewa sokoni duniani kote.

Kwa hiyo sindano za zamani, ampisilini na jentamaisini, si za kudharau. Ndizo zinazoua vijidudu, lakini zinataka kuwahi.

Mpeleke mtoto zahanati mara moja, hata usiku, ukiona:
- hanyonyi, au ananyonya kwa shida;
- ana homa, au mwili ni wa baridi;
- anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani;
- ana degedege;
- amelegea, hachezi;
- kitovu ni chekundu au kinatoa usaha.

Njiani mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, na umfunike. Usipake kitovu mavi ya ng'ombe wala majivu.

Tena, mtu akikuomba mtoto aingie katika utafiti, una haki ya kuelezwa, kuuliza na kukataa, na matibabu ya kawaida utapata vilevile.

Siku ile, tukiwa bado tunaongea, nilimgusa yule mtoto. Miguu ilikuwa baridi, na tangu asubuhi alikuwa hajanyonya. Tuliondoka hapo hapo, bibi, mama na mimi. Alichomwa sindano zile zile za zamani. Juzi nilipopita, nilimkuta ananyonya.