Kundi Moja, Majina Mengi: Ushindani na Teknolojia ya Pamoja Katika Makampuni ya Magari

Katika barabara za Makole, hapa Dodoma, majina ya magari ni mengi: IST, Raum, Probox, Vitz, Passo, Noah, Voxy. Kila jina lina sura yake, bei yake na wapenzi wake. Lakini fundi anayefungua boneti kila siku anajua jambo ambalo mwenye gari huenda halijui. IST, Raum na Probox nyingi za miaka ya 2000 hubeba injini ya aina moja, iitwayo 1NZ. Noah na Voxy ni gari moja lenye nyuso mbili. Passo nayo ina pacha wake, Daihatsu Boon, na injini yake ndogo ya lita moja ilibuniwa na Daihatsu, siyo Toyota.

Hapo ndipo swali linapozuka. Ikiwa majina haya yote ni ya mwenye mali mmoja, yanashindania nini? Na ikiwa kweli yanashindana, kwa nini yanapeana injini? Makada na wanafunzi hawana budi kulijibu swali hili, kwa sababu linafichua namna ubepari wa siku zetu unavyofanya kazi, na kwa sababu nchi zetu zimekwisha kulipa gharama kubwa kwa kutolielewa.

Kinachoshirikiwa na kinachotenganishwa

Tuanze na hesabu. Kubuni injini mpya, kuijaribu, na kutengeneza kalibu za kukandamiza bati la bodi ni kazi inayokula mtaji mkubwa kabla gari la kwanza halijauzwa. Gharama hiyo ikigawanywa kwa magari laki moja, kila gari linabeba mzigo mzito. Ikigawanywa kwa magari milioni moja, mzigo huo unabaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kampuni lenye nembo nyingi hushirikisha vile asivyoviona mnunuzi: sakafu ya gari, injini, giaboksi, mfumo wa breki, nyaya. Hutenganisha vile anavyoviona na kuvigusa: bodi, taa, viti, nembo, na bei.

Mpango huu si mpya. Katika miaka ya 1920, Alfred Sloan wa General Motors ya Marekani alizipanga nembo za kampuni lake kama ngazi. Chevrolet ilikaa chini kwa mtu wa kipato kidogo, na juu kabisa ikakaa Cadillac. Mteja aliyeongeza kipato alipanda ngazi bila kutoka ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Karl Marx, katika juzuu ya kwanza ya Das Kapital iliyotoka mwaka 1867, alionyesha kwamba ndani ya kiwanda cha bepari kazi hugawanywa kwa mpango mkali, ilhali nje ya kiwanda, katika soko, kunatawala vurugu za ushindani. Kundi la magari limeipanua kanuni hiyo. Mpango umevuka ukuta wa kiwanda kimoja na kuenea katika nembo tano, kumi au zaidi, katika nchi nyingi. Mabepari wanaohubiri kwamba mpango ni adui wa uchumi huutumia kila siku majumbani mwao.

Fundisho la Leyland

Wazee wetu waliofanya kazi wilayani wanalikumbuka gari la Land Rover. Wengi hawakujua kwamba mwaka 1968 Land Rover ilijikuta ndani ya kundi kubwa lililoitwa British Leyland, pamoja na Austin, Morris, MG, Triumph na Jaguar. Nembo zilizokuwa zikipigana sokoni sasa zilikuwa na mwenye mmoja.

Hata hivyo kuungana kwa karatasi si kuungana kwa kazi. Rover walikuwa tayari na injini nzuri ya silinda nane. Triumph, waliokuwa ndani ya kundi hilo hilo, walitengeneza injini yao wenyewe ya silinda nane na kuitia katika gari lililoitwa Stag, mwaka 1970. Injini ile ilijulikana kwa kuchemka kupita kiasi na kuharibika. Yaani kundi moja lililipia kazi moja mara mbili, na ile ya pili ikawa mbovu.

Kwa upande mwingine, kampuni la BMC, ambalo baadaye liliingia katika kundi hilo, lilikuwa limeuza gari moja dogo la mwaka 1962 kwa nembo za Morris, Austin, MG, Wolseley, Riley na Vanden Plas. Hapo gari lilikuwa moja, na kilichobadilishwa zaidi ni pua na mapambo. Kosa la kwanza ni ushindani usio na ushirika, na la pili ni ushirika unaojificha nyuma ya ushindani wa uongo. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza, yenyewe nchi ya kibepari, ililazimika kulichukua British Leyland lisife.

Nani anashindana na nani?

Ni lazima tuseme kweli kwamba ushindani ndani ya kundi upo. Lakini wanaoshindana si wenye mali. Wenye hisa hupata faida yao mnunuzi akichukua Noah, na huipata akichukua Voxy. Wanaoshindana ni wauzaji, mameneja, na hasa wafanyakazi.

Tuchukue mfano wa kundi la Volkswagen, ambalo liliichukua Audi katika miaka ya 1960, Seat ya Hispania mwaka 1986, na kuingia katika Skoda ya Czechoslovakia mwaka 1991. Skoda ilipewa teknolojia ya kundi, ikaunda magari mazuri kwa mishahara iliyo chini ya ile ya Ujerumani, ikaanza kuchukua wateja wa Volkswagen yenyewe. Mwaka 2017 zikazuka habari kwamba upande wa Volkswagen, pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi wake, wanataka Skoda ilipe zaidi kwa teknolojia ile na sehemu ya kazi yake ihamishiwe Ujerumani. Wafanyakazi wa Skoda wakapinga. Mfanyakazi alisimamishwa dhidi ya mfanyakazi mwenzake, na wote wawili wanaajiriwa na kundi moja.

Teknolojia ya pamoja ina hatari yake pia. Mwaka 2015 ilifichuliwa kwamba injini za dizeli za Volkswagen ziliwekewa programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Kwa kuwa injini ile ilikuwa imegawiwa Volkswagen, Audi, Skoda na Seat, udanganyifu huo uliyagusa magari yapatayo milioni 11. Mwezi Desemba 2023 Daihatsu, ambayo tangu 2016 inamilikiwa yote na Toyota, ilikiri makosa katika majaribio ya usalama yaliyohusu aina 64 za magari, yakiwemo yaliyouzwa kwa nembo ya Toyota. Chungu kimoja kikiingia sumu, wote waliopakua wanadhurika, hata kama kila mmoja anakula kwenye sahani yake.

Sisi wa Afrika Mashariki

Hapa ndipo jambo linapotuuma. Mwaka 1964, katika Mapatano ya Kampala, Tanganyika, Kenya na Uganda zilijaribu kugawana viwanda ili visirudiwe katika kila nchi. Tanganyika ilitengewa, miongoni mwa vingine, kuunganisha Land Rover na kutengeneza matairi. Uganda ilitengewa baiskeli, na Kenya balbu za umeme. Wazo lilikuwa lile lile linalotumiwa na makundi ya magari: gharama moja, soko pana. Lakini mapatano hayo hayakutekelezwa kikamilifu. Matairi yakaja kutengenezwa Arusha na Nairobi pia. Katika miaka ya 1970 Kenya peke yake ilipata viwanda vitatu vya kuunganisha magari: Leyland huko Thika, General Motors huko Nairobi, na AVA huko Mombasa. Sisi nasi, katika miaka ya 1980, tukaunganisha malori ya Scania katika kiwanda cha TAMCO huko Kibaha. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Tazama basi kinyume hiki. Makampuni ya Ulaya, Japani na Marekani, yaliyokuwa na kila sababu ya kushindana, yaliungana na kugawana injini. Nchi tatu maskini, zilizokuwa na kila sababu ya kuungana, ziligawana soko dogo vipande vipande, na kila kipande kikawa hakitoshi kukilisha kiwanda. Tulishindana katika kukaribisha nembo za wengine, na michoro ya injini ikabaki kwao.

Hatusemi kwamba hapakuwa na juhudi. Huko Kibaha, Shirika la Nyumbu lilithubutu kuunda lori la Kitanzania lililoitwa Nyumbu. Uganda, kwa kupitia Kiira Motors, imeunda mabasi ya umeme ya Kayoola. Juhudi hizo ni za heshima. Lakini kila moja ilianza peke yake, na mtaji wa kubuni ukagawanywa kwa magari machache mno.

Wajibu wetu

Kutokana na hayo tunapata mambo manne ya kushika.

Kwanza, tusiite mkusanyiko wa vipande kuwa ni uundaji. Kila inapotangazwa kwamba kiwanda kipya cha magari kinafunguliwa, kada aulize: michoro ni ya nani, na ni vipuri gani vitatengenezwa hapa, na baada ya muda gani?

Pili, halmashauri na mashirika ya umma yanaponunua magari yahesabu familia za injini kabla ya kuhesabu nembo. Wilaya yenye magari kumi ya aina kumi inahitaji ghala kumi za vipuri. Wilaya yenye magari kumi ya familia moja inahitaji ghala moja, na gari linalokufa linaweza kuliokoa lililo hai.

Tatu, wanafunzi wa vyuo vya ufundi wafundishwe undugu huo wa mitambo. Fundi anayeijua injini moja kwa undani anayatengeneza magari ya majina mengi. Anayejua majina tu atakuwa mtumwa wa duka la vipuri.

Nne, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999 ilirudie wazo la Kampala kwa akili mpya. Haifai tena kusema nchi hii itaunganisha gari hili na ile gari lile. Inatupasa kugawana sehemu: chasisi itengenezwe wapi, springi wapi, betri wapi, bodi za mabasi wapi, ili kila nchi ipate kazi na zote zipate soko moja. Baada ya hapo kila nchi inaweza kubandika nembo iitakayo na kushindana na mwenzake kwa ubora.

Mabepari wamekwisha kututhibitishia kwamba ushirika wa nyenzo hauui bidii wala ubunifu. Tofauti ni moja tu: kwao faida ya ushirika huo humfikia mwenye hisa. Kwetu hapana budi imfikie mkulima anayesubiri lori la kubeba mtama wake, na mfanyakazi anayelitengeneza lori hilo.