Kabla ya Kununua Subaru Kuukuu

Wahenga walinena, vyote ving'aavyo si dhahabu. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Subaru Impreza, na hadi leo vijana wengi wa Eastlands huliota gari hilo. Mjomba wangu, fundi wa jua kali huko Umoja, amenifunza kulikagua.

Kwanza, gusa boneti. Ikiwa moto, muuzaji huenda ameipasha injini kuficha kasoro. Mwambie, "Bosi, nitarudi kesho." Injini baridi haidanganyi. Iwashe utazame moshi: wa buluu, inakula oili, mweusi, petroli imezidi, mweupe usiokwisha, maji yanavuja ndani, pengine gasketi imekwisha.

Pili, barabarani. Mwenye leseni aendeshe, wewe sikiliza. Pale Outering, Jumapili asubuhi, alegeze mikono kidogo. Likivuta upande, huenda liliwahi kugongwa. Turbo ikilia kama king'ora, huenda imechakaa.

Mwisho, linganisha nambari ya chesisi na rekodi za NTSA. Zikitofautiana, ondoka! Gari la wizi likikamatwa, akiba ya jamaa nzima imekwenda na maji.

Ndugu msomaji, heri kukawia kununua kuliko kununua majuto.