Samaki wageni: Jinsi wanavyofuatiliwa kabla hawajawamaliza wenyeji

KWA wakazi wa Kasekese, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, samaki ni kitoweo na pia ni biashara. Mkoa huu umepakana na maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa kusini mashariki, na kila moja lina samaki wasiopatikana kwa asili mahali pengine popote duniani.

Utajiri huo ndio unaowafanya wataalamu wa uvuvi kuwa na hofu ya samaki wa kuletwa, yaani wale wanaohamishwa na binadamu kutoka maji mengine.

Hofu hiyo ina historia. Miaka ya 1950 sangara aliingizwa Ziwa Victoria kutoka Ziwa Albert, na sato naye akapandikizwa katika miaka hiyo hiyo. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ameongezeka kupita kiasi. Viwanda vya minofu vilijengwa na fedha za kigeni zikaingia, lakini inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Ngege, aliyekuwa kitoweo mashuhuri cha ziwa hilo, akaadimika.

Ajabu ni kwamba ngege huyo huyo wa Victoria ni mgeni katika Ziwa Rukwa, alikopandikizwa kando ya perege wa asili wa ziwa hilo. Hivyo samaki anayehitaji kulindwa kwao anaweza kuwa mshindani katika maji ya wengine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowashirikisha wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), ulionyesha kwamba sato na perege wengine wa kuletwa wameenea katika mabonde mengi ya mito nchini, kutokana na miongo mingi ya upandikizaji wa makusudi.

Je, mgeni anatambuliwaje? Hatua ya kwanza hufanyika mialoni na sokoni. Mtaalamu hukagua samaki mmoja mmoja, akiangalia umbo, rangi na mapezi. Sato, kwa mfano, hujulikana kwa michirizi ya wima iliyopangika vizuri kwenye pezi la mkia.

Lakini macho pekee hayatoshi, kwa sababu perege wa aina tofauti huweza kuzaana. Chotara huweza kufanana na mzazi mmoja, huku akiwa amebeba urithi wa wote wawili. Hapo hukatwa kipande kidogo cha pezi na kupimwa vinasaba maabara. Uchotara ukienea, samaki wa asili huweza kupotea bila hata kuliwa na mgeni.

Njia mpya zaidi ni kupima maji yenyewe. Samaki huacha kamasi, kinyesi na chembe za mwili majini. Maji huchujwa, na kilichobaki kwenye chujio huchunguzwa vinasaba. Njia hii huweza kugundua mgeni kabla hajanaswa na nyavu, ingawa haionyeshi hasa idadi yake, na mto huweza kuleta chembe hizo kutoka mbali.

Kuwahi ndiyo siri. Bwawa la kufugia huweza kukaushwa. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, haliwezi.

Kwa sababu hiyo, mfugaji anashauriwa kumuuliza ofisa uvuvi ni samaki gani wanaofaa katika bonde lake kabla ya kununua vifaranga, kutochimba bwawa mahali panapofikiwa na mafuriko, na kuweka wavu kwenye matoleo ya maji. Mvuvi anayenasa samaki asiyemfahamu amhifadhi akiwa mzima, aandike mahali na tarehe, kisha atoe taarifa.

Ufugaji wa samaki unaweza kumpatia mwananchi kipato bila kudhuru ziwa, iwapo tu vifaranga vitabaki bwawani.