Tela Lililoegeshwa Nalo Linahitaji Ulinzi

Katika miji na vijiji vyetu vya mpakani, kuanzia Malaba na Busia hadi Mutukula, tela ni chombo cha riziki. Tela la trekta hubeba miwa, mahindi, mawe na mchanga. Lile dogo linalokokotwa na pikapu hubeba matangi ya maji, jenereta, mahema na viti vya harusi na matanga. Mara nyingi chombo hiki si mali ya mtu mmoja: wanakikundi huchanga miezi mingi, pengine hukopa, ndipo wakakinunua. Siku tela linapoibwa deni haliondoki nalo. Wanachama huendelea kulipia chombo wasichokuwa nacho, na kikundi huanza kutazamana kwa jicho la shaka.

Hata hivyo, wengi wetu ambao kila usiku huingiza pikipiki ndani ya nyumba, huliacha tela nje likiwa halina hata kufuli moja. Makala haya yanaeleza kwa nini wezi hulitamani tela na hatua ambazo mwenye mali anaweza kuzichukua kwa gharama ndogo.

Kwa nini tela huibwa kwa urahisi

Kwanza, tela halina injini, hivyo halihitaji ufunguo wa kuwashia. Halina mlango wa kufungwa wala king'ora. Mtu yeyote mwenye gari lenye kiungio kinacholingana nalo huweza kulifunga na kuondoka nalo kwa dakika chache, na jirani anayeona hudhani kwamba ni mwenyewe amekuja kulichukua.

Pili, tela hubadilishwa sura upesi. Hupakwa rangi nyingine na kutiwa bamba la namba la uongo. Au hukatwa vipande, magurudumu na ekseli yakatengenezewa mkokoteni na bodi ikauzwa kama chuma chakavu.

Tatu, mpaka uko karibu. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama kile cha Mutukula kilichozinduliwa mwaka 2017 na kile cha Busia kilichozinduliwa mwaka 2018, vina maafisa wa nchi zote mbili wanaokagua vyombo na nyaraka. Lakini mwizi hapendi kukaguliwa. Yeye hutafuta njia za panya, tena usiku.

Kutokana na hayo, lengo la ulinzi ni kununua muda. Hakuna kufuli lisilovunjika duniani, ila mwizi aliyelazimika kukaa nusu saa akipiga kelele za chuma kwa kawaida huona heri aondoke.

Mahali na namna ya kuegesha

Egesha tela ndani ya uzio, karibu na nyumba yenye watu na penye taa. Mkono wa kukokotea uelekee ukutani au kwenye mti mkubwa, si barabarani, ili gari lisiweze kurudi nyuma na kuliunganisha. Ikiwa una trekta au gari, liegeshe mbele ya tela na uondoke na ufunguo. Wenye matela mawili wayaelekeze mikono kwa mikono, kisha wayafunge pamoja kwa mnyororo. Usiliache likiwa na mzigo, kwani mzigo humwita mwizi wa pili.

Kufuli, mnyororo na magurudumu

Kwa tela dogo, nunua kufuli la kiungio, yaani lile linaloziba nafasi ambamo tufe la chuma la gari huingia. Kwa tela la trekta, haitoshi kuchomoa pini na kuiweka ndani, kwa maana nondo yoyote nene inaweza kushika nafasi yake. Pitisha kufuli kubwa katika pete ya mkono wenyewe, ili pini nyingine isipate pa kuingia.

Mnyororo uwe mnene na wa chuma kigumu. Upitishe katika gurudumu na kuuzungusha kwenye ekseli au chasisi, kisha uufunge kwenye mti au nguzo iliyomiminiwa zege. Ukifunga gurudumu peke yake, mwizi atalifungua na kukuachia. Aidha, mnyororo usilale chini: mwizi mwenye mkasi wa kukatia chuma huegemeza mpini mmoja ardhini na kuukandamiza ule wa pili kwa uzito wa mwili wake wote. Chagua kufuli ambalo upinde wake umefichwa na mwili wa kufuli, ili mkasi usipate pa kuuma.

Ikiwa tela litakaa bila kazi kwa muda mrefu, kama vile baada ya msimu wa mavuno, ondoa magurudumu ya upande mmoja na kuyahifadhi ndani. Liegemeze tela juu ya stendi za chuma au magogo imara, wala si matofali yaliyopangwa, ambayo huweza kupasuka na kumuumiza mtoto anayecheza karibu.

Wapo wanaoweka kifaa cha kufuatilia chombo kwa setilaiti. Ni jambo jema, ila kwetu mpakani lina sharti lake: simkadi iliyomo iwe inaruhusiwa kutumia mtandao wa nchi ya pili, la sivyo kifaa kinaweza kunyamaza mara tela linapovuka.

Mali bila daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Bamba la namba hushikwa na nati mbili tu, lakini namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe. Iandike namba hiyo. Matela mengi ya kiwandani huwa na namba yenye herufi na tarakimu 17, na kwa utaratibu wa kimataifa herufi I, O na Q hazitumiki humo. Kwa hiyo unachokiona kama O ni sifuri.

Tela lililotengenezwa na fundi wa mtaani huenda halina namba yoyote ya kiwandani. Mwambie fundi achomelee alama yako mahali pawili, pamoja pa wazi na pengine pa siri. Lipige picha pande zote nne, pamoja na makovu na viraka vyake, na picha hizo zihifadhiwe katika simu za watu wawili au zaidi. Polisi wanaweza kulikamata tela, lakini mahakama itauliza: nini kinaonyesha kuwa ni lako?

Likiibwa

Usifute alama za matairi wala kugusa kufuli lililovunjwa. Piga simu 999 au 112 bila malipo, mwarifu mwenyekiti wa kijiji, kisha fika kituoni ukiwa na namba na picha. Kutoa taarifa ni bure. Usiondoke bila namba ya kumbukumbu: Uganda huitwa SD, Kenya OB, na Tanzania RB. Namba hiyo ndiyo inayowawezesha maafisa wa pande mbili kuzungumzia jambo moja. Kanzidata ya INTERPOL ya vyombo vilivyoibwa hupokea matela pia, lakini hakuna anayeweza kutafuta humo tela lisilo na alama ya kulitambulisha.

Usivuke mpaka usiku kulifuata mwenyewe. Akitokea dalali anayedai kwamba kwa fedha kidogo atalirudisha, usimlipe. Tuarifu mara moja, kwa sababu anayejua lilipo anajua pia aliyelichukua. Na mshukiwa akikamatwa na wananchi, afikishwe kituoni akiwa hai. Mtu aliyeuawa hawezi kutuonyesha tela liliko, na waliomuua watashtakiwa kwa mauaji.

Neno kwa wanunuzi na mafundi

Wizi hauishi bila mnunuzi. Ukiuziwa tela kwa bei ya kutupa, halina kadi ya usajili, au namba ya chasisi imesagwa, usilinunue. Kupokea mali ukijua kuwa ni ya wizi ni kosa la jinai. Fundi wa kuchomelea na mfanyabiashara wa vyuma chakavu nao waulize: chuma hiki kimetoka wapi? Swali hilo moja, likiulizwa kila siku katika kila karakana, linaweza kumkosesha mwizi soko kuliko doria nyingi.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, toka nje ukalitazame tela lako: linaelekea wapi, limefungwa na nini, na namba yake umeiandika wapi. Palipo na upungufu, anza kurekebisha kesho asubuhi.